Vidole vya Shangazi Kanyange

Jiwe lilikuwa la kijivu, dogo kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Shangazi Kanyange alilificha nyuma ya nyumba yetu, kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Kila ilipokaribia siku ya mgao wa chakula alilitoa, akachota maji kwenye kopo, akaanza kusugua ncha za vidole vyake kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Mimi nilikuwa nikichambua maharage karibu naye na nilisikia sauti ya jiwe. Sikusema kitu. Nilijua kwamba vidole vile havikuwa na kosa lolote.

Sisi ni watu wa milima ya Minembwe, Kivu ya Kusini, watu wa ng'ombe. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, na tulipokimbia, aliyenibeba mgongoni ni Kanyange, dada wa baba yangu. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, tulikuwa wanne katika karatasi moja ya familia, inayotumika kugawia chakula: baba yangu Eliezeri, Shangazi, kaka yangu Musoni, na mimi Isimbi. Shangazi hakuolewa. Watu walisema ni ngozi yake iliyowafukuza wachumba. Yeye alisema wachumba walikuwa na miguu mibaya na hawakuweza kupanda mlima wa nyumbani kwake.

Ngozi yake ilikuwa na mabaka mekundu kwenye viwiko, kwenye magoti na mgongoni, na juu ya mabaka kulikuwa na magamba meupe yaliyodondoka kama majivu. Kuna miezi alikuwa karibu safi. Halafu akiumwa koo au akipata huzuni, yote yanarudi. Jioni kabla ya chakula nilimpaka samli mgongoni, pale mkono wake usipofika.

"Taratibu, mama," aliniambia. Alizoea kuniita mama. "Mimi si ng'ombe unayemtoa kupe."

Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Shuleni nilifika darasa la tano nikaacha, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tano na wenzangu walikuwa na kumi, na mwalimu akiniuliza kitu nilitazama chini mpaka amuulize mwingine. Nyumbani Shangazi ndiye aliyenisemea. Nikiwa na njaa alijua. Nikiwa mgonjwa alijua kabla yangu.

Mwaka wa 2019 jina la familia yetu liliitwa kwa mahojiano ya safari ya ng'ambo. Baba alifunga siku mbili kumshukuru Mungu. Siku ya tatu akaja jirani yetu Modeste, mtu wa Uvira anayeuza mawese na samaki wa chumvi. Akakaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa.

"Muzee Eliezeri, minakuambia kama ndugu," alisema. "Kule kwa dokteri batawavua nguo bote. Bakiona ile ngozi ya dada yako, dosie yenu ya safari inafungwa. Si yeye tu, ni ninyi bote. Kuna familia moja ya kule Juru, mutoto mumoja tu alikuwa na upele. Mpaka leo beko hapa banakula posho."

"Si ukoma," baba alisema.

"Nani amesema ni ukoma? Mimi najua si ukoma. Ule mwenye kuangalia, yeye anajua?"

Shangazi alikuwa jikoni. Kiswahili alikijua kidogo sana, na Modeste alisema haraka, kwa hiyo hakushika kitu. Alituletea chai. Modeste alipokea kikombe, akamshukuru kwa heshima zote, halafu akakiweka chini bila kunywa.

Kwa siku kadhaa baba alitembea peke yake mpaka ziwani na kurudi. Kisha akatuita mimi na Musoni, akasema tutamtoa Shangazi kwenye karatasi, kwa muda tu. Tukifika kule, tutaomba aje. Huko kuna dawa za kila aina na atapona. Alisema akiangalia mikono yake. Mimi nilimwamini. Tena, nisifiche, nilifurahi kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuota theluji.

Siku ya uhakiki wa majina Shangazi aliamka mapema akanisuka nywele. Baba alikuwa amemwambia kwamba ofisi imeita baba na watoto peke yao. Alinipaka samli miguuni ikang'aa. "Uonekane mtoto wa watu," alisema. "Nitapika maharage na ndizi, mkirudi mle."

Ofisini alikuwepo kijana mmoja wa Kiganda nyuma ya kompyuta. Alisoma majina yetu moja moja. Alipofika la mwisho akauliza:

"Kanyange. Huyu mama iko wapi?"

"Alihama," baba alijibu. "Aliolewa."

Kijana alimwangalia baba muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi. Nadhani aliona aibu yangu akafikiri mtoto mwenye aibu hawezi kudanganya.

"Wewe musichana. Muzee nasema kweli? Shangazi yako iko wapi?"

"Alihama," nikasema.

Akabonyeza kitu kimoja kwenye kompyuta, mara moja tu, akatuambia twende. Nyumbani tulikuta maharage yako tayari. Shangazi aliuliza kama nilisema vizuri. Baba alijibu kwamba nilisema vizuri sana.

Siku ya chakula ilipofika, tulisimama kwenye foleni kama kawaida. Mtu aliweka kidole kwenye kimashine kidogo, kikawaka kijani, akaenda kuchukua mahindi yake. Baba akapita. Musoni akapita. Mimi nikapita. Shangazi akaweka kidole, kimashine kikawaka chekundu. Akaweka kingine, tena chekundu. Akajaribu vyote kumi, na watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba jua ni kali.

"Inakataa," kijana wa mashine alisema. "Jina hakuna. Songa pembeni, mama."

Shangazi hakumwelewa. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, huku akitazama ngozi ya vidole vyake iliyokuwa imechanika kidogo:

"Ni vidole?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Watu walikuwa wengi, baba alikuwa amegeuza uso, na mimi sikuwahi kuwa mtu wa maneno. Nikaitikia kwa kichwa.

Hivyo ndivyo jiwe lilivyoingia nyumbani kwetu. Shangazi aliamini kwamba magamba yake yanaizuia mashine kusoma. Alisugua kwa jiwe, mwezi uliofuata akaongeza majivu, mwezi wa tatu akatumia sabuni ya kufulia mpaka damu ikatoka. Na kadiri alivyosugua, ndivyo mabaka yalivyozidi. Yalitoka kwenye vidole yakapanda viganjani, yakaingia mpaka chini ya kucha, na kucha zikawa na vishimo kama zimechomwa kwa sindano. Kila mwezi alirudi kwenye foleni na kila mwezi taa ilikuwa nyekundu. Mwezi wa nne alifunga nguo zake kwenye kitenge.

"Nyinyi mnapewa chakula cha watu watatu," alimwambia baba. "Mimi nakula cha nani?"

Baba hakumzuia. Alimpa blanketi. Shangazi alikwenda Masha, akapata kazi ya kulinda shamba la ndizi la Mnyankore mmoja, mwenyeji wa huku, na kibanda cha kulala pembeni ya shamba. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea blanketi. Alinikumbusha ninywe maji ya moto nikiumwa koo.

Tukaingoja safari. Ulikuja mwaka wa korona, tukangoja. Tuliitwa mara moja, tukaulizwa maswali yale yale, tukangoja tena. Musoni alichoka akaenda Bwizibwera kubeba mikebe ya maziwa. Mwanzoni mwa 2025 tukasikia redioni kwamba safari za wakimbizi kwenda Amerika, na yetu humo, zimesimama. Baba alizima redio, akaenda kukaa nje. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumemtoa Shangazi ili twende, na hatukwenda popote.

Miezi michache baadaye niliumwa koo. Sikunywa maji ya moto. Koo lilipona, lakini baada ya wiki mbili vidoadoa vyekundu vilinitoka tumboni, vikakua, vikaungana, vikavaa magamba. Sikuhitaji mtu wa kuniambia ni nini. Nilikuwa nimeyapaka samli magamba hayo kwa miaka kumi.

Nilivaa mikono mirefu. Kwenye kwaya nilisimama mstari wa nyuma. Dada mmoja wa kanisa aligundua magamba kwenye kitambaa changu cha kichwa, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyekaa nami kwenye benchi moja. Hawakunitukana. Walinisalimia kwa mbali wakitabasamu, na mimi nikakumbuka kikombe cha Modeste.

Nilikwenda duka la dawa karibu na soko. Muuzaji alinidunga sindano, baada ya wiki akanidunga ya pili, kisha ya tatu. Nikawa safi kama yai. Nilirudi mstari wa mbele nikavaa mikono mifupi. Lakini mwezi haukuisha, ugonjwa ukarudi kwa hasira. Mwili mzima ulikuwa mwekundu na moto, nikitetemeka kwa baridi mchana wa jua. Musoni alikuja kunichukua, tukaenda Mbarara, kwenye kliniki ya ngozi.

Daktari alikuwa mama wa Kinyankore, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinishika mikono bila kuvaa glavu. Hilo nililiona kabla ya yote. Aliigeuza mikono yangu, akatazama kucha, akatazama nyuma ya masikio.

"Nani alikudunga sindano?"

"Duka la dawa."

"Sindano inafukuza hii kitu, halafu inaiita irudi na ndugu zake. Usirudie. Sikia, nyabo. Hii inaitwa soriasisi. Si ukoma, si uchawi. Haiambukizi mutu. Kuisha kabisa haiishi, lakini inalala. Kazi yako ni kuilaza na kuacha kuiamsha."

Alinilaza wodini siku tano mpaka moto ukashuka. Kisha akaniandikia dawa na kunifundisha. Nioge maji ya vuguvugu kwa sabuni isiyo kali. Kabla ngozi haijakauka, nipake vazelini nyingi. Dawa ya kupaka niitumie kwenye mabaka tu, kwa wiki alizosema, nisizidishe. Jua la asubuhi kidogo. Koo likiuma nisikae nalo. Na nisikwaruze.

"Fasi unakwaruza, ugonjwa unazaliwa hapo," alisema. "Ukibandua magamba, unaamsha ingine."

"Na mtu akisugua kwa jiwe?" nikauliza.

"Jiwe?" Alivua miwani. "Jiwe ni mbaya kabisa. Utaona inatambaa mukono wote. Nani anasugua na jiwe?"

Nilikunja karatasi ya dawa.

"Kwenu kuna mwingine iko nayo? Hii inapita kwa damu."

"Shangazi yangu."

"Iko wapi? Mulete na yeye."

Neno lile lilikuwa limekaa tayari kinywani, miaka yote hiyo, likatoka lenyewe.

"Alihama," nikasema, na nikaanza kulia. Daktari alifikiri ni maumivu, akaniambia pole, yataisha. Nilipojifuta, nilimuuliza swali ambalo mtu wa familia yetu alipaswa kuliuliza mwaka wa 2019.

"Daktari, mtu mwenye hii wanamkatalia kupanda ndege? Kwenda ng'ambo?"

"Kwa sababu ya hii?" Alicheka kwa sauti. "Kaka yangu iko nayo toka shule. Iko Kanada, anaendesha lori. Nani alikudanganya?"

Kwa wiki sita nilifanya kila alichosema. Magamba yakalainika, mabaka yakapungua wekundu, nikaanza kupata usingizi. Kila nilipopaka vazelini na kuona ngozi inatulia, sikufurahi kama nilivyotazamia. Dawa ilikuwa karibu hivyo, safari ya nusu siku tu, na Shangazi alikuwa na jiwe.

Nilimweleza baba maneno ya daktari. Alikuwa akitia mpini kwenye jembe.

"Modeste alisema," akaanza.

"Modeste anauza samaki, baba."

Sikuwahi kumjibu baba hivyo. Hakukasirika. Aligonga mpini mara mbili, akasimama.

"Nilitaka mfike mahali pazuri," alisema. Nilimwomba twende pamoja Masha. Akasema jembe haliwezi kungoja.

Nilikwenda peke yangu, na kopo la vazelini na dawa mfukoni. Nilimkuta Shangazi amekaa mbele ya kibanda, akichoma ndizi. Alikuwa amekonda na nywele zake zimekuwa nyeupe. Kabla ya salamu kwisha, aliona mkono wangu.

"Na wewe?" alisema. Aliushika, akapitisha kidole gumba juu ya baka, taratibu. "Ee mama yangu. Na wewe."

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, vimechanika kwenye maungio, na mabaka yalikuwa yamepanda mpaka kwenye viwiko bila kuacha nafasi. Jiwe lilikuwa hapo, juu ya mlango, karibu na kopo la chumvi.

"Bado unasugua?"

"Mwaka juzi nilirudi kwenye foleni," alisema, kama mtu anayeungama kosa dogo. "Sikuwaambia. Nilisugua wiki nzima kwanza. Ikakataa. Nikasema basi, labda sikusugua vya kutosha."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mengi.  Nilipiga magoti mbele ya moto.

"Shangazi, vidole vyako havikuwa na kosa. Mashine ilikataa kwa sababu jina lako halikuwemo. Tulilitoa. Watu walisema ngozi yako itafunga safari. Baba alisema umehama, mtu wa ofisi akaniuliza mimi, nikasema ndiyo. Na siku ya foleni uliponiuliza, nilijua."

Ndizi ilianza kuungua upande mmoja. Hakuigeuza.

"Ulisemaje?" aliuliza. "Lile neno. Lilikuwa neno gani?"

"Alihama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Siku hiyo mimi nilikuwa nyumbani," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimewapikia."

Hakunifukuza. Hakulia wala hakupaza sauti, na ningependa angefanya hivyo. Aligawa ndizi iliyoungua, akanipa upande mzuri. Nilimwonyesha dawa, nikamweleza habari ya maji ya vuguvugu na ya kutokwaruza. Alisikiliza kama mwanafunzi. Nilipoondoka nilichukua jiwe nikalitupa kwenye mfereji, na hakuniuliza nalipeleka wapi.

Baada ya hapo nilikwenda kila baada ya wiki mbili. Nilimpeleka mara moja kwa daktari yule Mbarara. Alimshika mikono bila glavu, akamwambia kupitia kwangu kwamba vidole vitapona kama ataviacha. Shangazi alinitazama nilipokuwa nikitafsiri. Alinitazama mdomo, mpaka nilipomaliza. Nilitafsiri kila neno.

Nilikwenda pia ofisini. Mfanyakazi alikuwa mwingine, binti mpole. Nilimweleza kwa sauti, watu wakisikia, kwamba mwaka wa 2019 tulisema uongo. Alisema jina linaweza kuombewa kurudi, itachukua muda, na akanipa fomu. Shangazi aweke dole gumba chini, pale kwenye mstari. Baba alitia sahihi yake.

Nilifika Masha na fomu ndani ya daftari na kisanduku cha wino nilichoazima kanisani. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu jiwe litupwe. Ngozi ya vidole vya Shangazi ilikuwa imerudi, nyembamba, ya waridi kidogo, laini. Aliniomba wino. Hakuchukua fomu. Alichukua boksi tupu la dawa, akalifungua likawa bapa, akaweka dole gumba kwenye wino na kuligandamiza upande mweupe wa boksi. Kisha cha shahada. Kisha kingine, mpaka vikatimia vyote kumi.

Aliliinua boksi kwenye mwanga.

"Angalia mistari," alisema. "Njoo uone. Kama njia za ng'ombe mlimani."

Mistari ilikuwepo yote, wazi. Aliitazama muda mrefu, akalipuliza boksi likauke, akaliweka juu ya mlango, mahali palipokuwa pa jiwe. Nikamsogezea fomu. Aliifuta vumbi kwa upande wa mkono, asiichafue, akanirudishia ikiwa safi.

"Waambie nilihama," alisema. "Sasa ni kweli."

"Shangazi."

"Si hasira, mama. Nimechoka kungoja taa iwake kijani. Hapa mwenye shamba ananijua kwa uso."

 Niliikunja fomu nikairudisha kwenye daftari, na iko humo mpaka leo. Shangazi alijifuta wino kwa jani la mgomba, kidole kimoja kimoja, bila kusugua. Halafu akanipa mgongo, akashusha kitenge mabegani, na kungoja nimpake pale mkono wake usipofika.